Somo: Kuandaa mabinti shuleni kwa chanjo ya HPV bila kutimuana getini

Wadau salama? Mimi ni mwalimu wa afya shule ya msingi huku Tanzania, hili somo nimeombwa sana kwa hiyo leo naliandika lote, wenye maswali wekeni chini. Kwa asiyejua, HPV ni kirusi kinachoambukizwa kwa ngono, na ndo kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi.

Nianze na aibu yetu. Mwaka wa kwanza tulipata taarifa Jumatano, Alhamisi tukawatuma watoto wakaseme nyumbani, Ijumaa nesi huyo hapo. Saa tatu asubuhi kina mama washajaa getini, mmoja bado ana unga wa maandazi mikononi, wanataka watoto wao manake mtaani imeshavuma ni sindano ya kufunga kizazi. Siwalaumu. Sisi tulinyamaza, kijiwe kikasema.

Hatua ya 1: orodha. Andika kwa umri sio kwa darasa, la tano moja unakuta wa miaka 10 na wa 14 dawati moja. Tarehe toa kwenye rejesta, ukiwauliza watoto wengi watakutajia mwaka tu. Wengine bado wanakumbuka utaratibu wa zamani wa 2018, wa miaka 14 dozi mbili zinaachana miezi 6, hapo katikati tulikuwa tunawapoteza kweli. Kampeni ya Aprili 2024 ikaja na miaka 9 mpaka 14, dozi moja basi. Na hiyo dozi moja haikuokotwa, kuna utafiti ulifanyika Mwanza kwa mabinti 930 wa umri huohuo ni kati ya tafiti zilizosaidia kuonyesha kwamba inatosha. Mimi hilo nawaambia wazazi, ila angalia unamwambia nani, kuna mtu akisikia neno utafiti tu anasimama.

Hatua ya 2: kikao cha wazazi, wiki mbili kabla, na kazi yenyewe iko hapa. Usianze na kirusi wala ngono, anza na saratani ya mlango wa kizazi, kwenye kikao hukosi mtu aliyewahi kumpeleka ndugu Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar. Mwache aongee yeye. Kwetu alisimama bibi mmoja akasimulia dada yake alivyoanza kutoka damu uzeeni, akawa anacheka kwamba ujana umerudi, kuja kufika hospitali imeshasambaa. Watu kimya. Baada ya hapo mimi nilibaki na maneno machache tu, kwamba HPV aina ya 16 na 18 ndo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani hii, chanjo inazikinga hizo, na inafanya kazi vizuri zaidi binti akiipata kabla hajakutana na kirusi, ndo mana tunawahi.

Hofu ya ugumba usiizunguke, itaje mwenyewe. Ndani ya chanjo hakuna kirusi hai, haigusi mayai wala hedhi, na kinachofanya mwanamke atolewe kizazi ni saratani yenyewe.

Af barua iandike baba NA mama. Ukiandika mzazi atakuja mama, usiku baba anakataa.

Hatua ya 3: siku yenyewe. Uji kwanza! Mtoto ana njaa na ana woga, anaanguka hata sindano hajaiona, na akianguka mmoja foleni nzima inayeyuka. Tumia darasa lenye milango miwili, waingie huku watokee kule, anayesubiri asione. Sisi tulifunga kanga mbili kwenye kamba zikawa pazia, wenye hijabu wakapumua. Anachomwa begani akiwa amekaa, halafu anabaki hapohapo dakika 15 chini ya macho ya mtu mzima.

Hatua ya 4: watoro. Majina yao mpe nesi siku hiyohiyo, na walioacha shule muulize mjumbe wa mtaa, anawajua wote.

MASWALI

Mama wa mabinti watatu: Wa kwangu alikuwa kwenye siku zake nikamzuia, nilikosea?
Jibu: Haina shida kabisa dada, hedhi haizuii chanjo. Mpeleke zahanati.

Ticha wa form one: Wavulana wananiuliza mbona wao hapana?
Jibu: Waambie kirusi wanakipata pia, Australia na Uingereza wanawachanja. Sisi tumeanza na wanaoumia zaidi.

Mdau wa Mbeya: Akichanjwa ndo basi, hapimi tena ukubwani?
Jibu: Atapima. Chanjo haikingi aina zote, akifika miaka 30 aende kwenye uchunguzi kama wengine.

Mlezi: Binti ninayemlea anaishi na VVU, achanjwe?
Jibu: Achanjwe, tena yeye anahitaji zaidi, ila dozi moja haimtoshi. Kamnong'oneze nesi kliniki, shuleni usimwambie mtu yeyote hata mimi.

Ticha mgeni: Mzazi akigoma kabisa?
Jibu: Mwache mtoto darasani na wenzake, usimsimamishe pembeni. Mimi baba mmoja alinigomea, nikamfuata nyumbani jioni bila karatasi, tukaongea mambo ya mahindi kama nusu saa, ye mwenyewe ndo akauliza, hivi mwalimu wa kwako ulimchanja? Nikamuita binti yangu nilikuwa nimeenda naye. Jumatatu akamleta.