Kamba sita na kokoto thelathini: ubongo wa kichanga barazani kwangu

Nafundisha tuisheni ya baiolojia barazani kwangu, Nkuhungu. Hakosekani wa kuniuliza: nani aliyeuambia ubongo wa kichanga neva ipi iungane na ipi? Jeni pekee haziwezi. Za kutengeneza protini tunazo kama 20,000, na seli za neva zinakaribia bilioni 86. Jeni zinakufikisha mtaani. Nyumba unaitafuta kwa kupiga hodi.

Tuigize hodi hiyo. Chukua sinia, ndiyo seli ya ubongo. Kamba tatu za katani, ndizo neva, ziingie kutoka jicho la kulia, tatu la kushoto, kila moja na kokoto 5 kwenye ncha, ndizo nguvu ya kiungo chake. Usitumie karanga. Nilizitumia mara moja. Raundi ya nne hesabu ilikuwa imeshaliwa.

Rusha sarafu ya mia mbili. Ikitoka Karume, kamba za kulia zinapiga pamoja, yaani zinatuma ishara. Ikitoka simba, za kushoto. Jumlisha kokoto za upande uliopiga. Zikifika 12 seli inaitika, na kila kamba iliyopiga inanyang'anya kokoto moja kwa mwenzake aliyenyamaza. Zisipofika, asiguse mtu.

Hapo pa kunyang'anya usiparuke. Mwanzoni nilishika wazo la mwanasaikolojia Donald Hebb la 1949 peke yake, kwamba seli zinazowaka pamoja hukaza kiungo chao, nikawa naongeza kokoto kutoka kwenye ndoo. Kamba zote zikanenepa, mshindi hakuna.

Mtavutana: 18 kwa 12, mara 15 kwa 15. Ikifika 21 kwa 9, basi. Wenye 9 hawaifikii tena 12, wanabaki kunyolewa mpaka sifuri.

Ukitaka, piga kamba moja moja. Kokoto 5, seli kimya. Ndiyo maana retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ya mnyama mchanga, hata kabla macho hayajafunguka, hupitisha mawimbi yanayowasha seli jirani kwa pamoja.

Sasa funika jicho la kushoto kwa kanga: kila raundi ni Karume. Raundi tano, 30 kwa 0. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Nobel mwaka 1981, walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua, seli nyingi za eneo la kuona la ubongo zilikuwa zikiitikia jicho la pili tu. Toa kanga, simba itoke hata mara kumi, sifuri ni sifuri.

"Mwalimu, tungeitoa kanga baada ya raundi moja?" aliuliza binti mmoja wa kidato cha tatu. Tukapanga upya. 18 kwa 12. Akarusha mwenyewe, simba. Kumi na mbili imefika, seli ikaitika, tukarudi 15 kwa 15.