Kuchagua Vifaa vya Mashine ya TIG Iliyotumika
Ukiileta karakanani kwako Mtwara mashine ya TIG iliyotumika, yaani ya kuchomelea metali kwa ncha ya tangsteni inayokingwa na gesi ya argoni, usinunue kifaa chochote kabla ya kukagua tundu la kuchomekea tochi (mkono wa kuchomelea), kwa kuwa plagi za 10-25 na zile za 35-50, namba za unene wa kebo kwa milimita za mraba, hufanana kwa umbo lakini haziingiliani. Ikiwa mashine inatoa DC (umeme wa mkondo mnyoofu) pekee, itakufaa kwa chuma na stenlesi. Aluminiamu huhitaji AC (mkondo geu).

Tochi ndiyo ya kufikiriwa zaidi. Namba 17 hubeba takribani ampea 150 na namba 26 takribani 200, zote zikipozwa kwa hewa, nazo hutumia koleti (kibano kinachoshika tangsteni) na vikombe (vya kuelekeza gesi) vya aina moja, jambo lenye nafuu kubwa pale ambapo vipuri husubiriwa kutoka Dar es Salaam. Ongeza lenzi ya gesi, kipuri chenye wavu kinachowekwa ndani ya tochi, ambayo hutuliza mtiririko wa argoni, ingawa haiwezi kushinda upepo wa kusi. Hapo utahitaji turubai.

Kwa tangsteni, yaani kijiti cha ncha ya tochi, chagua iliyochanganywa na metali ya lanthani, ya milimita 1.6 au 2.4. Ile yenye alama nyekundu siipendekezi hata kidogo, kwani ina thoriamu, na vumbi lake la kunolea lenye mionzi huingia mapafuni.

Regyuleta, kidhibiti cha gesi kwenye mtungi, iwe ya argoni, yenye kipimo cha lita kwa dakika. Mwisho, kagua klempu ya ethi, kibanio cha kurudishia umeme kinachobanwa kwenye kazi: hewa ya chumvi huifanya shaba iote ukijani, umeme ukapita kwa shida na klempu ikapata moto, hivyo isugue kwa msasa mpaka ing'ae, na ikiwa springi yake imelegea, nunua nyingine.