Kufunga sola ukihofia korona nyingine: anza na vinavyokuja na meli

Hii naandika kwa yule wa hapa Tanga anayetaka kufunga sola nyumbani au dukani ila anaogopa likija gonjwa jingine hela yake itakwama. Mimi 2020 ilinikwama. Nilitanguliza fremu ya kushikia paneli juu ya bati, inveta, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nikaiagiza Februari kwa muuzaji mmoja, kumbe viwanda China vimefungwa, nikapigwa kalenda mpaka fremu ikaanza kula kutu, na kutu ya upepo wa bahari hapa Ngamiani mnaijua wenyewe.

Kwanza elewa gonjwa linabana wapi. 2020 watu walipofungiwa ndani matumizi ya umeme yalishuka nchi nyingi, sasa una mitambo mingi na watumiaji wachache, unazima upi? Unazima ule unaokula mafuta, maana jua na upepo havidai hela ya kuni. Uingereza walikaa siku 67 mfululizo hawajawasha mtambo wa makaa ya mawe! Hata maji ya Pangani yanayozungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68, hayasubiri meli ya mafuta. Na mwaka ule ule dunia iliongeza zaidi ya megawati 260,000 za jua, upepo, maji na jamaa zake, kwa hiyo anayekwambia korona iliua sola mwambie aache. Maumivu yalikuja 2021, nauli ya kontena ikapaa, polisilikoni inayotengenezea paneli ikapanda bei mara kadhaa, na paneli ambazo miaka yote zilikuwa zinashuka bei nazo zikapanda.

Haya, tufanye hivi.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Zidisha wati kwa saa, unapata wati-saa: taa 6 za wati 9 kwa saa 5 ni 270, feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400, tivii ya wati 60 kwa saa 4 ni 240, jumla wati-saa 910 kwa siku. Paneli ya wati 350 ukiihesabia saa 4 tu za jua kali unapata 1,400, toa robo inayopotea njiani, inabaki 1,050. Betri ya lithiamu ya volti 12 ampea 100 inatosha. Friji usiiweke humo, utanilaumu bure.

Halafu nunua kwanza inveta, betri na chaji kontrola (kile kinachozuia paneli zisijaze betri kupita kiasi), vyote kwa mkupuo, na iwe mzigo ulioko dukani unaushika kwa mkono, sio "upo bandarini bosi wiki ijayo". Mwambie muuzaji awashe inveta mbele yako, chukua risiti na garantii. Paneli zifuate. Fremu, waya na fundi viwe mwisho, hivyo vipo hapa hapa hata mipaka ikifungwa, na fremu ipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla haijapanda juu.

Luku usiikate, mvua za masika zinakuja.