Namna ya Kuikagua Nyumba ya Kale ya Mkulima katika Visiwa vya Uskoti

Unapoikagua nyumba ya kale ya mkulima katika kisiwa cha Lewis, kama ile ya Arnol iliyokaliwa hadi miaka ya 1960, anza na ukuta. Utakuta kuta mbili za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na kati yake udongo ulioshindiliwa ili upepo usipenye. Kisha tazama paa linapoanzia: limekaa juu ya ukuta wa ndani, si wa nje, hivyo maji ya mvua huingia katika udongo ule wa kati na kuuweka na unyevu, ukashikamana vizuri. Mgeni anaweza kudhani huo ni uzembe wa mjenzi, lakini kwangu hiyo ndiyo hekima kubwa kuliko zote katika jengo hilo. Pembe za nje ni za mviringo ili upepo usipate pa kushika, na ezeko limefungwa kwa kamba zilizoning'inizwa mawe.

Ndani, tafuta meko katikati ya sakafu, yasiyo na dohani. Moshi wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, ulijipenyeza kupitia ezeko. Upande mwingine walilala ng'ombe, chini ya paa hilohilo.

Katika visiwa vya Orkney mawe hupasuka kuwa mabapa, kwa hiyo hata mapaa huezekwa kwa mawe. Ukifika Kirbuster, shamba la kale huko ambalo sasa ni makumbusho, angalia kitanda cha mawe kilichojengwa ndani ya ukuta. Ukifika Corrigall, makumbusho mengine ya aina hiyo, usilipite tanuri la mviringo lililoungana na ghala, ambamo nafaka iliyovunwa ikiwa na unyevu ilikaushwa kabla ya kusagwa.