Tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizogeuzwa
Nyinyi mnaoshika daftari la chama, hesabu zikikataa kulingana msianze kukagua risiti zote. Toa jumla ndogo kwenye kubwa, kisha jumlisha tarakimu za tofauti. Ikigawanyika kwa 9, huenda kuna tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Jana hapa Kibuye, Kisumu, daftari letu lilisema 783,540, taarifa ya benki 738,540. Tofauti 45,000, 4+5 ni 9. Kumbe 38 iliandikwa 83!

Siri ni kwamba 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, vivyo hivyo 100, 1,000, hata milioni. Basi namba yoyote, hata iwe ndefu vipi, huacha baki ileile inayoachwa na jumla ya tarakimu zake ikigawanywa kwa 9. Tarakimu zikibadilishana nafasi jumla hiyo haibadiliki, ndiyo maana tofauti hugawanyika kwa 9. 738,540 inatoa 27, kwa hiyo wanachama tisa tuligawana 82,060 kila mmoja, bila salio.