Msamaha wa matibabu Dodoma: anzia kwa mtendaji, si dirishani

Msamaha wa matibabu katika hospitali za serikali uko wa aina mbili, na wengi huzungushwa kwa sababu wameomba usio wao. Upo wa makundi: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wenye maradhi kama kifua kikuu na UKIMWI. Upo pia wa muda, kwa yeyote aliyeugua na kweli hana cha kulipa. Huu wa pili hauulizi umri, unauliza ushahidi.

1. Barua ya mtendaji

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, au wa kitongoji kama uko kijijini, akutambulishe kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Barua isome kabla hujatoka ofisini. Iwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, makazi, shughuli inayokuingizia riziki, idadi ya wanaokutegemea, sababu ya kushindwa kulipa, tarehe, sahihi, muhuri na namba ya simu ya mtendaji. Barua ya "ni mkazi wangu, naomba asaidiwe" ni salamu tu. Afisa wa hospitali hana pa kuishikia.

Majina ndiyo yanayokwamisha wengi. Mwaluko wa kwenye barua na Mwaruko wa kwenye NIDA, kwa karani, ni watu wawili. Sahihisha hapohapo ofisini.

Barua itoke unakoishi. Mkazi wa Bahi aliyelazwa mjini arudi, au atume ndugu, kwa mtendaji wake wa Bahi. Ya mwenyeji wako wa Chang'ombe haisemi kitu kuhusu hali yako. Kaya iliyo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ibebe pia utambulisho wake. Ni ushahidi mzito.

2. Wazee

Kitambulisho cha matibabu bure cha mzee hutolewa na halmashauri, na safari yake huanzia kijijini au kwenye kata. Peleka kopi ya NIDA na picha za pasipoti. Miaka 60 peke yake haitoshi: mstaafu mwenye pensheni na bima hayumo. Kifuatilieni mzee akiwa mzima, maana mgonjwa hapangi foleni.

3. Fuata ngazi

Kama si dharura, anzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo uende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile inayoitwa General, ukiwa na karatasi ya rufaa. Ukiruka ngazi, msamaha wako unaanza na maswali. Dharura ni jambo jingine: mgonjwa apelekwe kwanza, ndugu mmoja ashughulikie barua.

4. Ustawi wa jamii

Hospitalini muulize muuguzi ofisi ya ustawi wa jamii ilipo, na uende siku ileile ya kulazwa. Anayesubiri siku ya kuruhusiwa hukutana na bili nzima, na afisa hana tena muda wa kumpigia mtendaji simu. Utaulizwa unaishi na nani, unalima ekari ngapi, una mifugo, watoto wako wanafanya kazi gani. Jibu kweli. Ukificha ng'ombe halafu mtendaji akawataja kwenye simu, umeharibu hata yale ya kweli uliyosema. Uamuzi unaweza kuwa kusamehewa yote, kusamehewa sehemu, au kulipa kidogokidogo.

5. Kabla ya kila kipimo

Hakikisha msamaha umeingizwa kwenye faili kabla ya maabara, eksirei na duka la dawa la hospitali. Dawa ikikosekana ukaandikiwa kununua nje, mwambie afisa wa ustawi kabla hujalipa. Fedha ya famasi binafsi hairudishwi na msamaha.

Ukidaiwa hela popote njiani, omba kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi. Anayetaka mkononi huyo ni kishoka.

Msamaha wa muda huisha na ugonjwa huo. Tunza kopi ya barua, lakini ukiugua tena mwakani omba mpya, kwa sababu ya zamani haionyeshi hali yako ya sasa. Na mtendaji akitangaza uandikishaji wa kaya zisizo na uwezo chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, jiandikishe mapema, na majina ya watoto wote yawe yaleyale ya kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa.