Kabla ya Kununua Simu Mpya: Namna ya Kuamua bila Kusukumwa na Msisimko

Karibu kila Septemba Apple hutangaza iPhone mpya, na mwanzoni mwa mwaka Samsung nayo huzindua Galaxy S yake. Siku chache baadaye mitandao hujaa video za maboksi yakifunguliwa, na simu ambayo jana ilikutosha huanza kuonekana imechoka, ingawa hakuna chochote kilichoharibika ndani yake. Msisimko huo una ratiba, na ratiba hiyo hupangwa na muuzaji. Mtu anayejali pesa yake anaweza kupanga ratiba yake mwenyewe, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

Anza kwa kuandika kwenye karatasi mambo ambayo simu uliyonayo imeshindwa kuyafanya: chaji inaisha saa nane mchana, nafasi imejaa, kioo hakipokei mguso upande mmoja, programu ya benki imekataa kufunguka. Ikiwa karatasi imebaki tupu, au ikiwa umeandika tu kwamba kamera ya simu mpya ni nzuri zaidi, basi unachotafuta ni raha ya kununua. Raha hiyo si kosa, lakini igharamie kwa pesa ya starehe, wala usiguse kodi ya nyumba au ada ya watoto.

Yaliyoandikwa sasa yapatiwe bei ya matengenezo, moja baada ya jingine. Nafasi iliyojaa mara nyingi hutibiwa bure kwa kufuta video zilizolundikana kutoka katika makundi ya WhatsApp. Kioo kina bei yake kwa fundi, nawe uulize kwa mafundi wawili au watatu kabla ya kukubali.

Betri inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wengi waamini kwamba simu nzima imezeeka. Betri ya lithiamu huchakaa kadiri inavyochajiwa na kutumika, na joto huiharakishia uchakavu huo. Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na matoleo yaliyotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko kamili 500 ya chaji (mzunguko mmoja ni kutumia chaji inayofikia jumla ya asilimia 100), na kuanzia iPhone 15 mizunguko hiyo ni 1,000. Mtu anayemaliza mzunguko mmoja kila siku hufikisha 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu. Desemba 2017 kampuni hiyo ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, kisha ikashusha gharama ya kubadilisha betri kwa simu ambazo garantii yake ilikuwa imeisha kutoka dola 79 hadi dola 29. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akijiandaa kutoa mamia ya dola kwa sababu simu yake imekuwa nzito angeweza kuirudishia kasi yake kwa dola 29. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu simu, fungua mipangilio na uangalie hali ya betri, au mpe fundi unayemwamini aipime.

Ipo sababu moja ambayo hata mbahili hapaswi kuipuuza, nayo ni masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya programu ambayo mtengenezaji huyatuma ili kuziba mianya ya wadukuzi. Katika mipangilio ya simu ya Android utaona tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita miaka na simu hiyo ndiyo inayobeba akaunti zako za fedha, kubadilisha ni haki yako. Lakini hapo pia usikimbilie toleo la mwaka huu. Google iliahidi masasisho ya miaka 7 kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, hivyo simu ya aina hiyo iliyokwisha kutimiza miaka miwili bado ina umri mrefu mbele yake. Kumbuka tu kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotolewa, wala haianzi siku uliyoinunua wewe.

Kusubiri kuna faida inayoonekana. iPhone ya kwanza ya GB 8 ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa Juni 2007 kwa dola 599, na mwanzoni mwa Septemba bei ikashuka hadi dola 399. Waliopanga foleni walilalamika hadi Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, akaomba radhi hadharani na kuwapa hati za manunuzi za dola 100. Galaxy Note 7 ya Samsung ilitoka Agosti 2016, betri zake zikaanza kushika moto, na kufikia Oktoba utengenezaji wake ulikuwa umesitishwa. Mimi huiacha simu yoyote kwa miezi sita tangu itoke, ili wenye haraka wanijaribie.

Kuhusu simu za mkopo, puuza kiasi cha kila siku, ambacho hupangwa kiwe kidogo kiasi cha kutokuumiza, na utafute jumla. Tuseme simu inauzwa shilingi 400,000 taslimu, na kwa mkopo unatoa kianzio cha 80,000 kisha 1,500 kila siku kwa siku 365. Jumla ni 627,500. Ungeweka kianzio hicho pamoja na 1,500 zile zile akibani, ungeifikia bei ya taslimu kwa takriban miezi saba, tena bila hofu ya simu kufungwa ukichelewesha rejesho. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia programu ana hesabu tofauti, kwa sababu kila siku asiyokuwa na simu humpotezea kipato.

Ukiamua kununua simu iliyotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, piga *#06# na ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi. Kwa Tanzania, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia Juni 2016, tuma namba hiyo kwenda 15090 ili uone kama inalingana na aina ya simu uliyoshika. Kisha mtake muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au Apple na kuirejesha simu katika hali ya kiwandani mbele ya macho yako. Akikataa, au akisema kwamba utaifanya kazi hiyo nyumbani, mrudishie simu yake na pesa yako ibaki mfukoni.